Kabla hujalaumu maji, waulize samaki: kusoma hali ya bwawa kwa vijidudu vya kwenye wavu

Chujio (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mchangiaji aliuliza kwenye uzi mwingine: bwawa la maji ya kunywa likianza kuharibika, kabla halijanuka na kabla bomba halijaanza kutoa maji ya kijani, nani anajua mapema? Nikamwahidi kwamba jibu langu ni refu, nitalifungulia uzi wake. Ndio huu, vuteni viti.

Wanaojua mapema ni wanyama wadogo wanaoelea majini, wale wanaoitwa zooplanktoni. Siyo bakteria. Ni wanyama kamili, wana mdomo, utumbo, na mayai. Mkubwa kwao ni milimita mbili tatu, mdogo ni sehemu ya kumi ya milimita. Chota maji ya bwawa kwenye chupa safi, inyanyue kwenye mwanga, tulia. Yule anayeruka, anazama kidogo, anaruka tena, kama mtu anayepanda ngazi huku ngazi zinashuka, ni dafnia. Yule anayechomoka ghafla kama kachomwa sindano, akatulia, akachomoka tena, ni kopepodi. Wa tatu, rotifa, humwoni kwa jicho. Huyo mpaka hadubini.

Rotifa ndiye kipenzi changu, nisamehewe nikimpendelea. Kichwani ana duara za vinyweleo vinavyopiga kwa zamu mpaka macho yanaamini kuna gurudumu linazunguka. Hakuna kinachozunguka. Nyuma ya gurudumu hilo kuna taya ngumu, nazo hazipumziki: anatafuna tangu umweke kwenye kioo mpaka unapochoka wewe kutazama. Mholanzi Leeuwenhoek mwaka 1702 alichukua vumbi kavu la kwenye mfereji wa paa, akalimwagia maji, baada ya muda akaona viumbe wa jamii hii wanaamka na kuogelea.

Kwa nini hawa wanajua? Kipimo cha kemikali kinakwambia maji yalikuwaje pale ulipoyachota. Hawa wameshinda na kukesha humo. Wanakula mwani na bakteria, wao wenyewe wanaliwa, na wanazaana haraka: rotifa kizazi ni siku chache tu, dafnia kama wiki hivi, kopepodi wiki kadhaa. Majike wengi wa rotifa na dafnia hawahitaji dume, wanajizalia wenyewe majike wenzao. Kwa hiyo chakula kikibadilika bwawani leo, baada ya wiki mbili orodha ya wakazi imeshabadilika.

Kwa ufupi, mbolea na maji taka yakiingia (fosforasi na naitrojeni), mwani unaongezeka, na wanaonufaika ni rotifa kama Brachionus, Filinia longiseta na Pompholyx, pamoja na Keratella wasio na mwiba wa nyuma. Kopepodi wa siklopoida nao wanatamba. Maji maskini, yasiyo na mbolea nyingi, huwa na Kellicottia longispina, mwenye miiba mirefu kama kijiti cha meno, na Conochilus wanaoishi kwa makundi kama shada la maua, na kopepodi wa kalanoida wenye papasi ndefu zinazofika karibu na mkia.

Mpaka hapo ni yale ya kwenye vitabu. Sasa kosa langu.

Miaka ya mwanzo nilikabidhiwa bwawa moja nilifuatilie, jina tuliache. Mwaka wa kwanza wavu ulikuja na dafnia wakubwa wenye mayai mgongoni, na kalanoida wa kutosha. Mwaka uliofuata, msimu uleule, kituo kilekile: dafnia hakuna. Bosmina (jamaa mdogo wa dafnia) tele, Keratella tele, Brachionus wawili watatu. Nikaandika ripoti kwa kujiamini kabisa kwamba bwawa limeingiliwa na mbolea. Mzee wetu wa maabara akaisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akauliza: "Fosforasi umepima?" Nimepima, mzee. Ni ileile ya mwaka jana. "Na samaki umeuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Kumbe kati ya misimu ile miwili walipandikizwa samaki wadogo wanaokula planktoni. Samaki hawa wanawinda kwa macho, na wanamwona mkubwa kwanza. Dafnia wote wakubwa walikuwa wameshaingia tumboni. Nilichokuwa nimekipima kilikuwa hamu ya samaki.

Ukiondoka na kitu kimoja kwenye uzi huu, kiwe hicho. Maswali karibuni.

Tone la Asubuhi

Mkuu Chujio, nimejifunza. Hili la samaki ni uzoefu wako tu au linajulikana?

Chujio

Linajulikana tangu zamani, mimi ndiye nilikuwa sijasoma. Brooks na Dodson walilichapisha mwaka 1965. Walilinganisha planktoni wa ziwa moja la Connecticut, Marekani, waliokusanywa mwaka 1942 na wa mwaka 1964, katikati hapo samaki wa jamii ya heringi wakiwa wameshaingia. Wakubwa walitoweka, wadogo wakashika ziwa.

Kemia Tupu

Naheshimu uzi, ila niulize kwa roho safi. Kipimo cha fosforasi kipo, mita ya oksijeni ipo, klorofili inapimwa. Carlson mwaka 1977 alishatupa kipimo cha hali ya ziwa kwa vitu vitatu tu: kina sahani nyeupe inapopotea machoni, klorofili, na fosforasi. Mimi nikae saa nne nahesabu wadudu ili nipate nini cha ziada? Na kama samaki wanaweza kunidanganya hivyo, si bora nibaki na kemia yangu?

Chujio

Mkuu Kemia Tupu, swali la haki kabisa. Mimi mwenyewe sahani ile siiachi nyumbani.

La kwanza, kemia nayo hudanganya. Wakati mwani umechachamaa, fosforasi iliyoyeyuka inaweza kusoma karibu na sifuri kwa sababu mwani wenyewe umeshaila yote. Ndiyo maana unapima jumla ya fosforasi. Mgeni anayepima iliyoyeyuka peke yake anaondoka akisema maji safi, huku yako kijani mbele ya macho yake.

La pili, sumu za kupita. Mvua inanyesha usiku, dawa ya wadudu inatoka mashambani, inaingia bwawani, inapungua nguvu. Wewe unakuja na chupa yako Jumatatu ijayo, hukuti kitu. Dafnia walikuwepo usiku ule. Kuna sababu maabara za dunia nzima zinamtumia dafnia kupima sumu: kwenye jaribio la kawaida unawaweka wachanga kwenye maji yenye kemikali kwa saa 48 na kuhesabu waliokoma kuogelea. Ukitaka kujua kama sumu inaharibu uzazi, jaribio linakwenda siku 21.

La tatu ni hili la chakula kufika kwa samaki au kutofika. Sianobakteria, ule utando wa kijani unaofanana na rangi ya ukuta iliyomwagika, wengine ni mabonge makubwa yasiyoingia mdomoni kwa dafnia, wengine ni nyuzi zinazomsonga chujio lake, na wengine wana sumu. Kemia inakuonyesha klorofili imepanda. Haikwambii kama mwani ule unaliwa au unakaa tu humo mpaka uoze.

Ila sikubishii sana. Hata Ulaya, ile sheria yao ya maji ya mwaka 2000 inataka wapime mwani, mimea, wadudu wa chini na samaki; zooplanktoni wakaachwa nje, na wataalamu wa maziwa wamelalamika sana. Fanya vyote viwili.

Msasi wa Mwani

Naomba nimtie Chujio kwenye kona kidogo. Umesema uliandika kwamba bwawa limechafuka, kumbe ni samaki. Lakini dafnia ndiye anayekula mwani. Akiliwa yeye, mwani unakosa wa kuupunguza, maji yanageuka kijani kwa fosforasi ileile. Si bado ubora umeshuka? Ripoti yako ilikosea wapi?

Chujio

Haya ndiyo maswali ya watu waliokaa kando ya maji. Upo sahihi, na mwaka wa tatu ile sahani nyeupe ilipotea mapema kweli kuliko mwaka wa kwanza.

Ripoti ilikosea kwenye dawa. Mimi niliandika watu wadhibiti mbolea kwenye vijito. Mbolea ilikuwa haijaongezeka. Wangetumia nguvu kule juu, na samaki wakaendelea kula dafnia kule chini. Chanzo kikiwa samaki, unashughulika na samaki: kuwavua hao wadogo au kuongeza samaki mla samaki.

Basi unatofautishaje? Mimi sasa nasoma vitu viwili kwa macho mawili. Dafnia na wenzake nawapima urefu, siyo idadi tu. Wakiwepo wakubwa, samaki wala planktoni ni wachache. Wakiwa wote wadogowadogo, samaki wanafanya kazi. Rotifa wengi ni wadogo mno kwa macho ya samaki, kwa hiyo wao nawauliza habari za chakula. Hapa pia kuna mtego: dafnia mkubwa anamnyang'anya rotifa chakula, na anamvuta kwa bahati mbaya kwenye mkondo wa chujio lake na kumjeruhi. Dafnia wakiondoka, rotifa wanalipuka kwa idadi hata kama mbolea haijaongezeka hata kidogo. Kwa hiyo kwa rotifa usitishwe na wingi. Tazama ni akina nani.

Bi Hadubini

Habari zenu kaka zangu. Niongeze kwenye "akina nani". Mcheki Sládeček mwaka 1983 alitoa hesabu nyepesi: idadi ya spishi za Brachionus gawanya kwa idadi ya spishi za Trichocerca, rotifa wa jamii nyingine. Chini ya 1 maji maskini ya mbolea, 1 hadi 2 ya kati, zaidi ya 2 yamerutubika. Nimeitumia sana, na imenitia aibu pia. Kwanza, ukikosa Trichocerca kabisa unagawanya kwa sifuri. Pili, Brachionus wanapenda maji ya joto na yenye alkali kwa asili yao. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye bwawa la nchi ya joto, itakwambia limechafuka hata kama liko sawa. Hata uwiano wa kalanoida dhidi ya wengine, ambao watu huutumia kupima hali ya maji, ulitokana na maziwa ya baridi. Linganisha bwawa na lenyewe, mwaka kwa mwaka. Usililinganishe na jedwali la mtu.

Na jamani, Brachionus mwenye miiba mirefu siyo lazima awe spishi mpya! Brachionus calyciflorus anaota miiba akinusa Asplanchna majini, yule rotifa mkubwa anayekula rotifa wenzake. Mama hana miiba, binti anazaliwa nayo. Nilishawahi kuandika spishi mbili, kumbe ni mama na wanawe.

Chujio

Dada umenikumbusha aibu zangu. Ya kugawanya kwa sifuri niliikuta kwenye ripoti iliyopigwa mhuri.

Kijana wa Pampu

Mimi ni fundi wa mitambo, siyo msomi wa wadudu. Nina wavu wa kuazima na hadubini ya zamani. Nifanyeje ili nipate namba yenye maana? Hatua kwa hatua mkuu, usinionee huruma.

Chujio

Kijana wangu, tuanze na wavu. Tundu za mikroni 50 hadi 64 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kama unawataka rotifa. Wavu wa 150 utakuletea dafnia na kopepodi, rotifa karibu wote watapita.

Shusha wavu wima mpaka mita 10, mradi usiguse tope, kisha pandisha taratibu bila kusimama. Tuseme mdomo wa wavu una kipenyo cha sentimita 30. Eneo lake ni mita za mraba 0.0707, mara mita 10 ni mita za ujazo 0.707, yaani lita 707 zimepita kwenye wavu. Suuza wavu kwa nje ili waliokwama washuke chupani, ongeza maji mpaka mililita 100. Tikisa polepole, chukua mililita 1, weka kwenye kioo cha kuhesabia chenye miraba. Rudia mara tatu. Ukipata rotifa 81, 90 na 84, wastani ni 85. Mara 100 ni 8,500. Gawanya kwa 707, unapata 12 kwa lita. Hiyo ndiyo namba yako. Jitahidi jumla ya uliowahesabu ifike 200 au 300, chini ya hapo bahati inakuwa na sauti kubwa kuliko bwawa.

Angalizo: maji yakiwa kijani, wavu unaziba katikati ya safari na zile lita 707 zinabaki kwenye karatasi tu. Hapo achana na kuvuta. Chota kwa chombo cha lita unazozijua kwenye vina mbalimbali, mimina kwenye wavu.

Kuhifadhi: formalini ya asilimia 4 yenye sukari gramu 40 kwa lita. Usicheke, sukari siyo mzaha. Bila hiyo dafnia anavimba kama puto, gamba linafunuka, mayai yanamwagika, na hesabu ya mayai imekufa. Formalini ni sumu, fungua madirisha, vaa glavu. Rotifa laini hujikunja kuwa vidonge visivyotambulika, kwa hiyo watazame kwanza wakiwa hai. Wakikusumbua kwa mbio, tone moja la maji ya soda linawatuliza.

Halafu fanya kitu hiki kwa faida yako tu. Weka dafnia mmoja hai chini ya lenzi. Mwili wake unaonekana mpaka ndani. Jicho moja jeusi linatetemeka, nyuma yake moyo unapiga kwa kasi ambayo huwezi kuihesabu, utumbo umepinda ukiwa na rangi ya alichokula. Ukiwa wa kijani, mwani unaliwa.

Tone la Asubuhi

Swali la mtumiaji wa kawaida: hawa wadudu tukiwanywa?

Bi Hadubini

Wengi wao hawana shida, na mtambo wa kuchuja unawaondoa. Lakini kopepodi wa jamii ya siklopu ndiye anayebeba kiluwiluwi cha mnyoo wa Guinea. Mtu akinywa maji yasiyochujwa yenye siklopu huyo, mnyoo unakulia mwilini na kutokea mguuni baada ya kama mwaka. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa milioni 3.5 duniani. Siku hizi ni wachache wa kuhesabika, bila chanjo wala dawa ya kuuponya, na kitambaa cha kuchujia maji kina sehemu kubwa kwenye ushindi huo. Vimelea vya kipindupindu navyo hujishika kwenye magamba ya kopepodi. Huko Bangladesh kina mama walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, kipindupindu kikapungua karibu nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003.

Ila usigeuze maneno: kukosa wadudu hakuna maana maji ni salama. Vijidudu vya kinyesi vina kipimo chao, planktoni hawasemi lolote kuhusu hivyo.

Kijana wa Pampu

Nimerudi wakuu. Nimevuta wavu kando ya ukuta wa bwawa. Keratella wengi, kopepodi wachanga, dafnia sifuri. Samaki nimeuliza kama mlivyosema: wapo, wadogo, wengi. Naandika ni samaki?

Chujio

Subiri kidogo. Ulivuta saa ngapi, na kutoka kina gani?

Kijana wa Pampu

Saa sita mchana. Mita 2, nilikuwa na haraka.

Chujio

Basi hujakutana nao. Mchana dafnia anashuka gizani kumkimbia samaki, usiku anapanda kula. Rudi usiku, au vuta kutoka chini.

Kijana wa Pampu

Nimekwenda saa tatu usiku. Wapo! Siyo wengi, ila wapo, wakubwa kiasi. Kitu kimoja kimenishangaza: wana rangi ya waridi, wengine wekundu kabisa. Nimeosha kioo nikidhani ni uchafu wa lenzi.

Bi Hadubini

Ngoja. Wekundu?

Chujio

Kijana, lenzi yako ni nzima. Dafnia akikaa kwenye maji yenye oksijeni kidogo anatengeneza himoglobini nyingi, damu yake inaonekana kupitia gamba. Hao mchana wanajificha mahali ambapo samaki hawawezi kupumua vizuri. Una mita ya oksijeni? Ishushe mita kwa mita, utuletee.

Kijana wa Pampu

Nimeazima. Juu miligramu 7.8 kwa lita. Mita 4, 6.9. Mita 5, 3.1. Mita 6, 1.4. Mita 7 kwenda chini inasoma 0.4, haibadiliki. Mita 8 maji yananuka yai bovu.

Kemia Tupu

Hapo sasa nimerudi nyumbani. Chini huko chuma na manganizi vinayeyuka kutoka kwenye tope, na fosforasi nayo inaachiwa. Kijana, wewe si ndiye fundi wa pampu? Lango la kuchotea maji liko kina gani?

Kijana wa Pampu

Mita 9.

Chujio

Kuna lango la juu yake?

Kijana wa Pampu

Lipo la mita 4, limefungwa muda mrefu. Naenda kuliamsha bosi sasa hivi.

Bi Hadubini

Lango au bosi?

Kijana wa Pampu

Vyote dada.